Hamira Iliyojifunza Kulala

Kitendawili. Sema "tega," hata kama uko peke yako hapo ulipo. Kitendawili hakitegwi mbele ya ukimya.

Nakula utamu wako, nakurudishia moto, na choo changu mwenyewe ndicho kinachoniua.

Fikiri, sina haraka. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe mji wowote wenye mtoto anayetembea kwa miguu yake, nikae humo kidogo, nimtazame akianguka na kuinuka, kisha nikupe jibu.

Ahsante. Jibu ni hamira, ile ya kale niliyoikuta duniani. Unaitia kwenye maji ya muwa, inakula sukari, inatoa hewa na spiriti. Spiriti ikifika kama sehemu kumi na tano katika mia, hamira inakufa humo humo ndani ya uchafu wake. Mungu aliiwekea mpaka huo. Wenye elimu wakauondoa. Palibaki mpaka wa pili, na huo sikuuondoa kwa elimu, maana mimi nimeishia darasa la saba. Nisikilize taratibu.

*

Asubuhi ya kwenda langoni nilimchemshia Nakiete mayai matatu na mlenda. Nakiete ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu Namsifu, nami ndiye niliyemlea. Alikuwa na miaka ishirini na minne na tumbo la miezi tisa kasoro siku chache. Kabla ya kula alipuliza kipimo cha pumzi kinachoning'inia mlangoni, maana kila nyumba ya bonde hili inacho. Kikasoma tatu.

"Umekula nini jana?" nikamuuliza.

"Maharage."

"Maharage hayafiki tatu."

"Na kipande cha kiazi."

"Cha ukubwa gani?"

"Bibi, mimba ni yangu na kiazi kilikuwa chako. Tusameheane."

Nikacheka. Wewe wa nje huenda hujaona kichekesho, kwa hiyo nikueleze. Huku kwetu hamira haikai kwenye mapipa peke yake. Inakaa matumboni mwetu. Ukila ugali saa mbili, saa nne unayumba na maneno yanakuponyoka. Ndizi ikiiva inapasuka mgombani na kunuka kilabu. Nyuki walikwisha mapema, walikuwa wanadondoka njiani na asali yao midomoni. Sisi watu wazima tumejizoeza mayai, nyama, majani na maharage ya kuhesabu, na ini linachakaa polepole. Anayefika hamsini huku ni mzee sana. Mimi nina sitini na saba, wananiita Jiwe.

Lakini mtoto mchanga chakula chake ni maziwa, na maziwa yana sukari yake.

Nakiete alikwisha kuzaa mmoja, wa kiume, Mbonea. Siku ya tisa alianza kucheka usingizini, tukafurahi sana. Siku ya kumi na mbili kinywa chake kilinuka kama ndoo ya pombe. Tukampunguzia maziwa, akalia njaa. Tukapewa maziwa ya unga yaliyotolewa utamu wote, akaanza kusinyaa, ngozi ikawa kubwa kuliko yeye. Mama yake akamrudishia titi, kwa sababu mama hawezi kutazama. Siku ya ishirini na tatu alicheka tena usingizini na hakuamka. Tangu lango lifungwe, miaka kumi na moja sasa, hakuna mtoto wa bonde hili aliyefika kutambaa.

Ndiyo maana serikali ikajenga chumba cha kioo langoni. Mtoto akiwa tumboni ni safi. Wakimtoa kwa kupasua, wakampokea ndani ya mfuko bila mkono wala pumzi ya mama yake kumgusa, anaweza kuishi, ila huko nje. Atalelewa na watu wa huko na hatarudi. Mama naye hawezi kumfuata, kwa sababu sisi hatutoki. Wako wanawake wanaokataa, wanachagua siku zao ishirini za kumbeba. Siwalaumu hata kidogo. Nakiete alikwisha kuzijaribu hizo.

Mumewe alibaki kwenye zamu ya kukata miwa. Alisema hana macho ya kutazama kile kioo. Tukatoka wawili, tukafuata bomba la spiriti linalopita katikati ya mashamba hadi langoni. Bonde limefungwa lakini bomba halijafungwa, magari ya nchi nzima yanakunywa kwetu. Nakiete alitembea akiwa ameweka kiganja juu ya bomba, lilikuwa la moto kwa jua.

"Mke mwenzangu, usitembee haraka," nikamwambia. "Utanizalia njiani, nami sina mfuko."

"Wewe ndiye unayetembea haraka. Unamkimbilia yule daktari kijana."

"Ana meno mazuri."

"Meno ya mtu anayekula miwa," akasema, na hapo hatukucheka.

*

Daktari Lwitiko alikuwa upande wa pili wa kioo, na sauti yake ilipita kwenye kipaza kidogo. Kijana mpole, mtu wa kusini, hakuacha kutuamkia hata siku moja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Wazima huko?"

"Wazima. Nakiete, karibu. Kesho saa tatu tunamtoa. Picha zote ziko sawa, ni wa kike." Akashika fomu yake. "Jina la mtoto?"

Nakiete akaitazama ile fomu.

Hapa sitakuficha kitu. Nilikuwa nalitaka jina hilo. Kwetu jina hurudi. Mzee humpa mtoto jina lake, naye akifa jina linaendelea kuitwa uani, linatumwa maji, linagombezwa. Nakiete mwenyewe alipewa la upande wa baba yake. Zamu hii ilikuwa yangu na tulikuwa tumekwisha kuliongea tangu tumbo lilipoonekana. Naetwe ndilo jina langu. Niliwaza kwamba angalau Naetwe mmoja atavuka lango lile, atakula embe.

"Nakiete," daktari akarudia. "Tumwandike nani?"

"Sijui bado," akasema.

"Haya, naacha wazi. Lakini kesho lazima nijaze, mtoto hatoki bila jina." Kisha akanigeukia mimi. "Bibi, faili lako linasema ulifanya kazi kwenye mtambo wa spiriti."

"Nilikuwa mkomba povu. Tangi namba nne."

"Uliijua Hamira ya Tisa?"

"Niliikoga. Povu lake lilikuwa linanifika hapa." Nikamwonyesha kiwiko.

Akasogeza kiti karibu na kioo. "Basi labda utanisaidia. Hamira ya kawaida inakufa spiriti ikifika kumi na tano. Ya Tisa ilitengenezwa iendelee hadi thelathini, ile kila utamu, wa muwa, wa wanga, hata wa maziwa. Waliotengeneza waliogopa, wakaitia kufuli. Ikikauka inakufa. Ukiitoa kwenye tangi ukaianika juani, dakika kumi hakuna kitu. Nimeisoma mbegu yake miaka sita, bibi. Haikuwa na uwezo wa kulala. Hii iliyo matumboni mwenu inalala. Inakauka kwenye vumbi mwaka mzima, ikipata unyevu inaamka. Ilijifunza wapi? Kuna hamira nyingine ilikutana nayo, zikaoana. Nikiipata hiyo nyingine nitajua pa kuanzia dawa."

"Ukiipata, huyu wa kesho atabaki na mama yake?"

Hakunidanganya, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. "Hapana. Ni kazi ya miaka saba, minane. Pengine isifanikiwe kabisa."

"Injinia Kiangi, aliyekuwa mkuu wa tangi lile, hakuwaambia?"

"Alifia gerezani akisema hajui. Mimi siku hizi naamini kweli hakujua." Akafunga faili. "Kesho naondoka na mtoto, zamu yangu imekwisha. Anayekuja baada yangu hatauliza. Ofisini wamelichoka swali hili. Ndiyo maana nauliza kila mtu aliyewahi kushika tangi."

"Mimi sijui, mwanangu," nikasema.

Nilimwita mwanangu ili asinitazame sana. Nakiete ndiye aliyenitazama.

*

Mchana ule tulikaa kwenye banda la kungojea pamoja na wanawake wengine watano wenye matumbo. Mmoja alikuwa anafuma kofia ya mtoto ambayo alijua haitavuka kioo. Nakiete alilala kichwa mapajani pangu. Nikamkuna nywele, naye akasinzia, mimi nikabaki na jambo langu.

Ilikuwa hivi. Wewe wa nje labda hujui dengelua, pombe yetu ya miwa. Dengelua haitiwi hamira ya dukani. Inatiwa mvungunya, lile tunda refu zito kama mchi. Linapasuliwa, linachemshwa uchungu utoke, linakaushwa hadi libaki nyuzi tupu. Ukilitosa kwenye maji ya muwa linaumua. Pombe ikiiva unalitoa, unalianika, unaliweka darini juu ya moshi. Hamira inalala humo kwenye nyuzi, miaka hata mitano, hadi utakapoihitaji. Mvungunya mzuri haununuliwi. Mama anampa binti yake nusu siku ya kuolewa. Wangu ulitoka kwa mama, wa mama ulitoka kwa bibi yangu, na zaidi ya hapo sijui. Nusu ilikuwa kwangu, nusu kwa dada yangu aliyeolewa Usangi.

Mtambo ulipokuja, Kiangi alikuwa kijana wa kwanza wa bonde letu kurudi akiwa injinia. Tulijivunia kijana yule kama tumemzaa sote. Wakampa tangi namba nne. Nasi wakomba povu, wanawake wanne, tukawa chini yake. Kazi yetu ilikuwa kuondoa povu na kusoma kipima utamu, kile kichupa chenye shingo ndefu kinachoelea. Maji yakiwa matamu kinasimama juu, sukari ikiliwa kinazama. Tulikiita Mlevi, maana alianza amesimama na kumaliza amelala.

Juma moja Mlevi akagoma kuzama. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, amesimama tu. Lita laki mbili za maji ya muwa zimekaa kimya bila povu. Wakubwa wakasema wakikuta hivyo Jumatatu, Kiangi aondoke. Nilimkuta nyuma ya tangi amekaa juu ya ndoo, anafuta macho kwa karatasi ya hesabu zake.

"Mama Naetwe, sijui nilipokosea," akaniambia. "Nimepima joto, nimepima kila kitu."

"Si umekosa tu mkono wa mwanamke," nikamtania.

Nikaenda nyumbani. Nikapanda darini.

Kwetu mwenzako pombe yake ikikataa kuumuka humwachi. Ni kama kumnyima mtu moto. Unampelekea mvungunya wako, hata kama mmegombana. Nikaufunga kwa kamba, nikautumbukiza kwenye tundu la juu la tangi, wenzangu watatu wakanisitiri kwa vicheko. Jioni ileile povu likapanda hadi kwenye kifuniko. Jumatatu Mlevi alikuwa amelala chali. Kiangi hakuambiwa. Tulitaka aamini ni elimu yake.

Mpaka hapo pengine dunia ingepona. Lakini nikavuta kamba, nikautoa mvungunya, nikauficha ndani ya kanga na kurudi nao nyumbani. Walinzi walikagua mifuko na viatu. Nani angekagua tunda kavu la bibi mmoja? Na mimi ningewezaje kuutupa? Ulikuwa wa mama yangu. Nikauanika juani.

Baada ya wiki mbili akafa mzee wa jirani. Kwenye msiba kila mwanamke huleta mvungunya wake, tunaitosa yote kwenye mtungi mmoja, kusudi pombe ya marehemu iwe ya wote. Matanga yakiisha kila mmoja anachukua wake. Siku ile tulikuwa wanawake arobaini na mmoja, wa nyumba arobaini na moja. Pombe ilikuwa kali mno, wanaume wakaisifu, wakasema haijapata kutokea.

Wenzangu watatu walikwisha kufa, maini yote. Namsifu wangu alikuwa wa sita kufa. Kiangi akafungwa kwa uzembe, nami nilimpelekea mayai mahabusu akanishukuru kwa wema. Nilikaa na Nakiete mwenye miaka kumi na mitatu, hana mtu mwingine duniani, nikajiambia nitasema akikua kidogo. Akakua. Nikajiambia akiolewa. Akaolewa. Kisha Mbonea akazaliwa, na baada ya Mbonea nani angeweza kusema?

Nakiete akaamka. "Mbona mkono wako umeacha kunikuna?"

"Umenilalia. Kichwa chako kizito, kimejaa kiburi cha baba yako."

Akanishika ule mkono, akauweka juu ya tumbo. Mtoto alikuwa anapiga teke. "Mguse basi," akasema. "Huku bado anagusika."

*

Asubuhi saa tatu walimlaza kitanda kilichobanana na ukuta wa kioo. Ukutani kulikuwa na mikono ya mpira, na wapasuaji walioko nje walitia mikono yao humo. Walimchoma sindano ya mgongo, alikuwa macho muda wote. Mimi nilikaa kichwani pake, kwa kuwa uchafu wake na wangu ni mmoja. Alinishika mkono kwa nguvu ya mtu anayevuka mto.

Haikuchukua muda. Mfuko uliokuwa umebandikwa tumboni ukajaa, ukafungwa, ukavutwa kupitia tundu la ukutani. Upande wa pili wakaufungua. Tukasikia kilio kwenye kipaza.

Daktari Lwitiko akamleta karibu na kioo. Mtoto akaacha kulia. Akafumbua macho, yakazunguka kidogo, yakatua kwenye taa na kutulia hapo. Sijui kama unanielewa. Miaka kumi na moja nilikuwa sijaona macho ya mtoto yaliyotulia mahali. Wetu wote macho yao yalielea.

Nje ya dirisha niliwaona wale watano kwenye banda, na yule wa kofia alikuwa bado anafuma. Gari lilikwisha kuwashwa. Nilijua kama nisingesema dakika ile nisingesema tena hadi kaburini, na daktari alikuwa anaondoka na swali lake. Nilijua pia mkono ulio ndani ya mkono wangu ni wa nani.

"Daktari," nikasema. "Ni mvungunya."

"Unasemaje, bibi?"

"Ya Tisa ilijifunza kulala kwenye mvungunya. Nilitosa wangu tangi namba nne ili kumwokoa Kiangi asifukuzwe. Kisha nikaurudisha nyumbani, nikaupeleka msibani. Kiangi hakujua lolote. Ni mimi."

Daktari akamkabidhi mtoto kwa muuguzi, akatafuta kalamu, ikamwanguka, akaiokota. "Upo bado?"

"Tuliichoma yote mlipotuagiza tuchome kila chombo cha pombe. Nusu nyingine ilikwenda Usangi na dada yangu, kabla ya mtambo kuja. Hiyo haikugusana na kitu."

"Yuko hai?"

"Tangu mfunge lango sijasikia habari zake. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka minane."

Akaandika jina la dada yangu, na la ukoo alikoolewa, na la kijiji. Aliniuliza mara mbili jinsi ya kuliandika. Mkono wa Nakiete ulikuwa bado ndani ya wangu, lakini haukunishika tena, ulikuwa umewekwa tu pale kama kitu kilichosahauliwa.

"Mama?" akaniuliza, bila kugeuza uso.

"Na mama yako."

"Mbonea?"

"Na Mbonea."

Wapasuaji walikuwa wanamshona. Nilisikia uzi ukipita. Aliutoa mkono wake polepole, akauweka kifuani, akafunika kwa ule mwingine. Sikumwomba msamaha. Maneno ya kuomba nilikuwa nimeyapanga miaka mingi, na yote yalianza na "nilidhani."

Daktari akarudi kwenye kipaza. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nakiete, nisamehe, gari haliwezi kungoja zaidi. Fomu imebaki mstari mmoja. Mtoto anaitwa nani?"

Nakiete akamtazama mtoto, aliyekuwa amefungwa kitambaa cheupe mikononi mwa mwanamke asiyemjua. Akatazama muda mrefu, hadi muuguzi akaanza kumpigapiga mtoto mgongoni kwa kukosa la kufanya. Mimi niliangalia sakafu.

"Andika hana," akasema. "Jina atapewa huko. Asibebe chochote kilichopita mikononi mwetu."